Je, Hadithi za Kiingereza Zitamlisha Mtoto?

Mwezi uliopita alifika afisini mwetu mzee mmoja mkulima wa majani ya chai, mtu mwenye heshima zake, aliyekuja kwa shauri la hati ya shamba lake. Shughuli ilipokwisha hakuinuka. Alivua kofia, akaiweka magotini, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa niisome. Ilikuwa orodha ya vitabu alivyotakiwa kumnunulia binti yake aliye katika shule ya sekondari. Palikuwa na riwaya ya Paul B. Vitta iitwayo Fathers of Nations, na mchezo wa kuigiza wa John Lara uitwao The Samaritan, na kitabu cha hadithi fupi. Chini yake, kwa mkono wa binti mwenyewe, yaliongezwa majina ya vitabu vingine vitatu vya miongozo, yaani vile vinavyoeleza vitabu vya kwanza.

“Mwanangu,” akasema mzee, “mimi nilimpeleka mtoto akajifunze Kiingereza. Mbona wananiuzia hadithi? Hadithi bibi yake anazo, tena anazitoa bure. Na hivi vitatu vya chini, ni hadithi za kueleza hadithi?”

Nilimjibu kwa kifupi maana watu walikuwa wakingoja nyuma yake, lakini jibu langu halikuniridhisha mimi mwenyewe. Nimeona afadhali nilirudie hapa kwa nafasi, kwa sababu najua wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wana karatasi kama ile mifukoni mwao.

Kwanza nitasema juu ya hesabu, kwa kuwa mkulima hupenda kujua fedha yake inakwenda wapi. Zamani Kiingereza na fasihi yake vilisomeshwa kama masomo mawili mbalimbali. Katika mpango wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, viliunganishwa vikawa somo moja. Mtihani wa KCSE wa mpango huo una karatasi tatu za Kiingereza, na alama zake zote pamoja ni 200. Wazazi wengi hudhani kwamba Kiingereza ni sarufi, yaani zile kanuni za nyakati na viunganishi tulizokaririshwa. Lakini sarufi katika alama hizo 200 ina 15 tu. Kuandika barua, kumbukumbu za mkutano na mambo kama hayo kuna alama 20. Kujaza mapengo katika habari kuna 10, maswali ya matamshi na mazungumzo 30, kusoma habari na kuifahamu 20, na insha ya kubuni 20. Zinazobaki ni alama 85, nazo zote ni za vitabu, mashairi na masimulizi: 25 za kifungu kilichotolewa katika kitabu cha lazima, 20 za shairi au fasihi simulizi, na 40 za insha mbili juu ya vitabu vilivyowekwa. Mtoto asiyesoma hadithi, hata akiwa hodari wa sarufi namna gani, amekwisha kuacha mezani zaidi ya alama mbili katika kila tano.

Hilo lingetosha kumfanya mzee afungue mkoba. Lakini alama si sababu yenyewe. Mtihani ulifuata sababu iliyokuwapo kabla yake. Sababu yenyewe ni namna lugha ya kigeni inavyomwingia mtu.

Tazameni vineno viwili vidogo vya Kiingereza, “a” na “the”. Hakuna mwalimu asiyevifundisha, wala hakuna karani asiyevikosea. Katika Kiswahili na katika lugha zetu nyingi za nyumbani tunasema “ng’ombe” basi, na msikilizaji hujua mwenyewe kama ni ng’ombe yeyote au ni yule tuliyekuwa tukimsema. Mwingereza hakubali, anataka umwambie kila mara. Nilipokuwa shule nilikariri kanuni zake kurasa mbili nzima, na bado nilikosea. Nilikuja kuzielewa kwa kusoma hadithi. Katika hadithi mtu huingia mara ya kwanza akiwa mgeni, hajulikani, naye hupewa “a”. Akirudi katika ukurasa wa pili amekwisha kuwa mwenyeji, naye hupewa “the”. Ukisha kuwaona wageni mia wakipiga hodi na kuwa wenyeji kwa njia hiyo, sikio lako lenyewe litakukataza kukosea, hata ukiwa umesahau kanuni. Vivyo hivyo “he” na “she”. Kwetu “yeye” ni yeye, awe mume awe mke, na ndiyo maana vijana wetu katika kuzungumza humfanya mama yao kuwa mwanamume bila kujua. Lakini msichana aliyesoma kurasa mia tatu za maisha ya Akoko, katika kitabu cha Margaret Ogola kiitwacho The River and the Source, hawezi kumwita Akoko mwanamume. Amekaa naye mno.

Basi hadithi ni shamba ambamo lugha huota, na kanuni ni jembe. Jembe lafaa sana, lakini hakuna aliyevuna kwa kulinoa tu.

Sasa nataka kueleza somo moja nililoliona kwa macho yangu, maana tangu siku ile nimeacha kubishana na watu wanaosema kwamba vitabu vya Wazungu havina faida kwa mtoto wa mkulima. Ilikuwa wakati mchezo wa A Doll’s House ulipokuwa katika orodha ya KCSE. Mpwa wangu, ambaye ninamlea, alikuwa katika kidato cha tatu, nami nilikwenda shuleni kwake siku ya wazazi. Nilifika mapema, na mwalimu wa Kiingereza akaniruhusu niketi nyuma ya darasa. Wanafunzi walikuwa 54, wamebanana watatu watatu katika madawati ya wawili.

Mchezo huo uliandikwa mwaka 1879 na Henrik Ibsen, mtu wa Norwei, wala haukuandikwa kwa Kiingereza. Waingereza nao wanausoma katika tafsiri kama sisi. Habari yake ni ya mwanamke aitwaye Nora, mke wa Torvald Helmer. Mumewe aliwahi kuugua sana, na madaktari wakasema hatapona asipokwenda nchi yenye jua. Fedha haikuwapo, na kwa sheria ya nchi ile mke hakuweza kukopa bila idhini ya mumewe. Nora akakopa kwa siri kwa mtu aitwaye Krogstad, na katika hati ya mkopo akatia sahihi ya baba yake kuwa mdhamini. Baba alikuwa mgonjwa kitandani, naye hakutaka kumsumbua.

Mwalimu yule hakuanza na Ibsen, wala na Norwei. Alitoa mfukoni fomu ya mkopo ya chama cha akiba na mikopo, akaikunjua, akauliza: “Ni nani hapa amewahi kumwona baba yake au mama yake akitafuta wadhamini?” Mikono mingi iliinuka. Mmoja alieleza jinsi baba yake alivyozunguka kijijini siku mbili akiwa na fomu. Mwingine akasema mjomba wake alimdhamini rafiki, rafiki akatoroka, na mjomba akakatwa fedha za maziwa hata leo. Walikuwa wakisema Kiingereza, wakikosea hapa na pale, na mwalimu hakuwakatiza. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, “Na kama mdhamini ni mgonjwa, je, mtu aweza kumwekea sahihi?” Darasa likanyamaza.

Hapo ndipo walipofungua kitabu. Msichana mmoja alisoma maneno ya Nora, na mvulana mmoja, mfupi, mwenye sauti nzito kupita umri wake, akasoma ya Krogstad. Walifika mahali ambapo Krogstad anamwonyesha Nora tarehe. Mimi ni karani. Tarehe ndiyo kazi yangu. Na nakiri kwamba nilisogea mbele juu ya benchi. Hati imewekwa sahihi tarehe 2 Oktoba. Baba wa Nora alifariki tarehe 29 Septemba. Mwalimu hakueleza. Alingoja. Ikapita kama nusu dakika, kisha nikasikia watoto wakivuta pumzi mmoja baada ya mwingine, kama moto unavyotembea katika majani makavu, mpaka mmoja akapaza sauti kwamba maiti amedhamini mkopo!

Dakika zilizobaki walibishana. Wavulana wengi walisema Nora ni mwizi na sheria ni sheria. Wasichana walisema alimponya mumewe, tena alikuwa akilipa kidogo kidogo kwa kujinyima nguo. Mmoja akatoa neno ambalo sikulitazamia: akasema Torvald, aliye meneja wa benki, anamfukuza kazi Krogstad kwa kosa la kughushi, naye ndani ya nyumba yake analala na kosa lile lile bila kujua. Nilitazama vitabu vyao baadaye. Kazi waliyopewa ilikuwa kuandika barua ya Krogstad kwa meneja kuomba asiachishwe kazi, kwa adabu ya afisi, isizidi ukurasa mmoja. Oneni basi: kwa somo moja walikuwa wamesema, wamesikiliza, wamesoma, wamefikiri juu ya haki, na wameandika barua rasmi. Wenye mpango waliounganisha lugha na fasihi walitaka jambo hili hasa. Linapofanyika vizuri ni jema, ila kwa kawaida halifanyiki vizuri, na sababu mojawapo ni ile 54. Mwalimu akitoa dakika tano tu kwa kila daftari, ni saa nne na nusu kwa darasa moja kwa zoezi moja, naye ana madarasa manne. Mzazi atakayemlaumu mwalimu kwamba hasahihishi insha, na afanye hesabu hiyo kwanza.

Sababu ya pili ni ile miongozo.

Miongozo sitaitukana yote. Iko shule ya mashambani ambayo haina mwalimu wa fasihi hata mmoja, na mtoto wa huko akipata mwongozo mzuri amepata angaa mtu wa kumshika mkono. Lakini ngoja niwaambie habari za mpwa wangu. Jioni moja, kabla ya siku ile ya wazazi, nilimkuta akisema peke yake chumbani kama mtu anayesali. Alikuwa akikariri maudhui ya A Doll’s House, saba kwa hesabu, na sifa za Nora, tisa, kila moja na mfano wake. Nilifurahi. Nikamwuliza, “Krogstad alijuaje kwamba sahihi si ya baba?” Akanitazama. Nikamwuliza mchezo unakwishaje. Akasema kwa Kiingereza kirefu kwamba unaonyesha ukombozi wa mwanamke. “Sikukuuliza unaonyesha nini,” nikamwambia, “nimekuuliza kinatokea nini.” Hakujua kwamba Nora anaondoka na kuufunga mlango nyuma yake. Kitabu chenyewe kilikuwa chini ya kitanda, kurasa zake hazijaachana bado. Fedha yangu nililipa mara mbili, na iliyofanya kazi ilikuwa ya mwongozo peke yake.

Watahini nao si wajinga. Katika lile swali la alama 25 huchapa kifungu cha kitabu, na mara nyingi swali la kwanza kabisa ni: ni jambo gani lililotokea kabla ya haya, au ni jambo gani lililofuata baadaye? Maudhui saba hayawezi kujibu swali hilo.

Tena mwongozo humnyang’anya mtoto haki yake ya kuhukumu. Ule mlango wa Nora ulitikisa Ulaya. Mwaka 1880, ili mchezo uonyeshwe Ujerumani, Ibsen alilazimika kuandika mwisho mwingine ambamo Nora, akiwaona watoto wake, anashindwa kuondoka. Na mwenyewe aliuchukia mwisho huo. Watu wazima wenye mvi waligombana juu yake miaka mingi. Kisha mtoto wetu wa miaka 17 anapewa mistari minne ya kukariri, kana kwamba shauri hilo limekwisha katwa na mahakama!

Nitageuka kidogo niseme juu ya jambo ambalo si la sekondari, ila sekondari ndiyo hulipa gharama yake. Katika shule ya msingi niliyosoma, ambayo sitaitaja, palikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni, naye kazi yake ilikuwa kumtega mwenziwe ili amvishe. Aliyekuwa nacho jioni alipigwa. Nilikivaa mara nyingi. Msidhani jambo hilo lilibuniwa kwetu: huko Wales, katika karne ya 19, watoto waliosema Kiwelisi walivishwa kipande cha mbao vivyo hivyo. Na marehemu Ngugi wa Thiong’o, aliyefariki mwezi wa Mei 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi mtoto wa shule alivyokabidhiwa kifungo ampe yeyote atakayesikika akisema Kikuyu, ili jioni msururu wote wa wakosaji ujulikane.

Watetezi wa kibao husema kilitufundisha Kiingereza. Mimi kilinifundisha kunyamaza. Niliingia sekondari nikiwa mtoto asiyesema, kwa kuwa nilikwisha gundua kwamba asiyefungua kinywa hakosei katika lugha yoyote. Katika shule ile ya misheni nilimpata mwalimu ambaye somo lake la kwanza lilikuwa hivi: kila mmoja asimulie ngano moja ya kwao, kwa Kiingereza chake chochote kile, na akikosa neno alisema kwa lugha ya mama, na darasa zima likatafuta pamoja neno la Kiingereza linalofaa. Tulitafuta nusu saa nzima neno la kumfaa sungura wa ngano zetu, na hatukulipata hata leo. Katika nusu saa hiyo nilisema Kiingereza kingi kuliko miaka minane iliyotangulia.

Wakati huo nilidhani mwalimu yule alikuwa akitufurahisha tu. Baadaye nilifahamu kwamba nyuma ya somo lake palikuwa na mabishano makubwa. Shule ya Alliance, iliyofunguliwa huko Kikuyu mwaka 1926, chini ya Bwana Carey Francis aliyeiongoza tangu 1940 hata 1962, ilikuwa na desturi ya kucheza mchezo wa Shakespeare kila mwaka, na vijana wake walijifunza Kiingereza kitukufu kwa kuyabeba maneno yale vichwani na kuyatamka mbele ya watu. Ngugi alikuwa mwanafunzi huko tangu 1955 hata 1958. Ndiye huyo huyo ambaye mnamo Oktoba 1968, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, aliandika waraka katika chuo kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe. Watu hutaja waraka huo kana kwamba ulitaka vitabu vya Kiingereza vichomwe. Sivyo. Waliuliza: kwa nini Uingereza iwe katikati na Afrika iwe pembeni, katika chuo kilichoko Afrika? Walitaka fasihi ya Kiafrika iwe katikati, na masimulizi ya wazee wetu yawemo, kisha za mataifa mengine zifuate. Mwaka 1974 walimu walikutana katika shule ya Nairobi School kulizungumza jambo hilo kwa upande wa sekondari. Kwa njia hiyo vitabu vya Ogola na Ole Kulet viliingia darasani, na hadithi za bibi yake binti wa mzee yule zikawa somo la kutahiniwa.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na haki, wala sioni aibu kusema hivyo. Mtoto aanze na Akoko, ambaye anaijua harufu ya nyumba yake, kisha apelekwe kwa Nora. Akianza na Nora peke yake atadhani fasihi ni mambo ya wageni. Akikomea kwa Akoko hatajua kwamba mkopo, sahihi na hofu ya kuaibika ni mambo ya watu wote. Na asiseme mtu kwamba kupenda Shakespeare ni kuacha lugha zetu. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa kiongozi wa nchi nzima, alipata nafasi ya kuufasiri mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1963, na wa The Merchant of Venice ukatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Ningependa kuona shule moja ambamo mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili wanawaketisha wanafunzi na vitabu viwili hivyo kwa pamoja, ukurasa kwa ukurasa, wabishane kama Nyerere alipatia au alikosea. Lakini walimu hao wawili katika shule nyingi hata chai hawanywi meza moja.

Neno la afisini, kisha nirudi kwa mzee. Kila siku mezani pangu hupita barua za vijana wanaoomba kazi. Nyingi zimejaa maneno makubwa makubwa, kila jina limevishwa sifa tatu, na ukifika mwisho hujui mwandishi anataka nini wala anaweza nini. Vijana hao hawakukosa shule. Walifundishwa kwamba Kiingereza kizuri ni kile kisichoeleweka upesi. Barua fupi iliyo wazi huwa ya mtu aliyezoea kusoma kurasa za waandishi wenyewe. Naijua kabla ya kufika sahihi, na si mimi peke yangu ninayeiweka juu ya nyingine.

Basi nilimshauri mzee anunue vitabu vitatu vya juu, na vitatu vya chini avingoje. Binti asome kwanza kitabu chote mwanzo hata mwisho, bila kalamu mkononi. Kisha nikampa nakala ya mpwa wangu ya A Doll’s House, iliyokuwa ikikaa bure, nikamwambia binti amsomee bibi yake wakati wa likizo, kila jioni kurasa chache, akifasiri kwa lugha ya nyumbani. Mzee alinitazama kama mtu anayepewa dawa asiyoiamini, lakini alikichukua.

Ijumaa iliyopita alirudi kuchukua hati yake iliyokuwa tayari. Kabla hajaketi alianza kusema juu ya Torvald. Bibi, akasema, anamchukia mtu yule kwa sababu alimwita mkewe majina ya ndege. Lakini Nora naye hamsamehe kwa watoto watatu aliowaacha, na usiku ule walipomaliza kitabu hakuna aliyelala mapema, kwa kuwa binti alimtetea Nora mbele ya bibi yake, na mama yake akaingia jikoni akasimama upande wa binti. Yeye mwenyewe alikuwa na swali moja tu, na ndilo alilotaka kuniuliza mimi kwa kuwa ni karani. Je, deni lilikwisha kulipwa?

Nikamwambia halikwisha. Krogstad aliirudisha hati kwa hiari yake, na mume akaitia katika jiko ikaungua.

Mzee alitikisa kichwa. Akasema hajapata kusikia habari za mkopeshaji atoaye hati asibakize nakala. Kisha akaipokea hati yake ya shamba, akaisoma jina, akaisoma tarehe, akaigeuza akatazama sahihi iliyo chini, na alipokwisha kuridhika akaikunja mara nne akaenda zake.